Vilima vya mjukuu wa bibi wa Katonga

Oya Jenerali Soketi, mambo! Kigoma jua kali, ila samaki migebuka wa mawese wanakusahaulisha. Ile mashine niliyoileta hospitali inapima hewa chafu inayotoka kwenye pumzi ya mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia, halafu inachora vilima kwenye kioo, kila pumzi kilima kimoja. Leo vilima vikapotea, mstari ukanyooka tii! Nikapagawa, nikadaka bisibisi. Nesi akanizodoa: "We fundi, mtoto kwanza, mashine baadaye!" Akatazama kifua, kinapanda na kushuka. Akafunua khanga aliyofunikwa mtoto. Kumbe bibi yake mtoto, mwanika dagaa wa Katonga, kakiviringisha kile kimrija kinachopeleka hewa kwenye mashine yangu kama kamba ya wavu, kikajikunja! "Nilikuwa napanga tu, mwanangu," akasema. Nesi akakinyoosha, vilima vikarudi. Bibi akanikamata mkono: "Huondoki mpaka mjukuu wangu apumue mwenyewe." Daktari anasema labda keshokutwa. Treni yangu kesho, na bibi kashaniletea ugali na dagaa. Mbusu mama yako, nimewamisi balaa. Hivi ungekuwa wewe, Jenerali, ungepanda treni?