Mtani Wangu Amenipa Shikamoo

Gongo la Mboto,
nyumbani kwa Twaha.

Abiba mdogo wangu, uliyenipokonya ziwa la mama kabla sijashiba,

Barua hii ikukute umekaa, maana ikikukuta umesimama utaanza kupika kabla hujaimaliza, nakujua. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanashuka mtini? Mie ni mzima kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa mzima. Busha wamelitoa, namshukuru Mungu na madaktari, sasa natembea kama mtu aliyetua mzigo, na kweli nimetua. Wale waliokuwa wakisema nitazikwa nalo waambie watafute maneno mengine.

Naandika kwa kalamu makusudi. Kalamu haina mtu wa kukaa pembeni akafuta ninachosema. Na nimekasirika, Abiba. Nimekasirika mpaka chai inanipalia.

Ile blogu unaijua. Twaha aliponileta huku Dar niliona nitakufa kwa kukaa barazani natazama ndege zinavyotua. Salma, mkewe, akanipa simu yake ya zamani, akanifungulia mahali pa kuandika huko kwenye intaneti, nikapaita Kibaraza cha Kalembo. Darasa la nne langu unalijua, nukta naweka nikichoka. Nikawa naandika kwa kidole kimoja mambo ya kwetu Tunduru: tulivyokuwa tukibeba magunia ya korosho, baba alivyomuuza mbuzi mmoja kwa watu wawili, vitu kama hivyo. Hakuna aliyesoma. Salma alisoma. Twaha alisema amesoma, lakini macho yake yalikuwa kwenye mpira. Nilikuwa kama mtu anayeadhini porini.

Mpaka alipokuja Ngonyani. Huyo huyo Gervasi Ngonyani wa hapo Tunduru nyuma ya soko, Mngoni niliyebeba naye magunia ghalani, siku hizi mjukuu wake kamnunulia simu. Siku hiyo nilikuwa nimeandika babu yetu alivyokuwa shujaa wa vita. Ngonyani akaandika chini yake: "Ni babu yako yule ambaye babu yangu alimkuta juu ya mti, akamwambia ashuke, akajibu kwamba yeye ni tunda?"

Nikamjibu kwamba babu yake alikuwa amelewa ulanzi, aliyekuwa mtini ni nyani, na kama walizungumza muda mrefu ni kwa sababu walielewana.

Basi, hapo ndipo watu walipoanza kuja. Wayao wakajipanga upande wangu, Wangoni upande wake, na Wazaramo wakajifanya waamuzi wala hakuna aliyewaita. Kuna mama mmoja wa Wazo, mpishi wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, huyo alikuwa anasoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, na asiyesikiliza hapewi mchuzi. Kuna nesi wa Kawe. Kuna dereva wa lori alikuwa anatusoma kila anaposimamishwa kwenye mizani. Mie nikiandika hadithi, Ngonyani ananitukana, watu wanacheka, mtu wa tatu anakumbuka ya bibi yake, wa nne anamwuliza bibi huyo ni wa kijiji gani, kumbe ni ndugu. Watu waliopotezana miaka wamekutana chini ya matusi yetu, Abiba. Mguu uliponivimba walikuja hapa nyumbani, sijawahi kuwaona hata mmoja, wamebeba ndizi na machungwa, wa kwanza kuingia anamwuliza Salma, "Samahani dada, hapa ndipo kwa yule aliyezaliwa juu ya mti?" Salma alidhani wamekosea nyumba. Akawapa chai hivyo hivyo.

Sasa sikiliza uone mambo.

Nilipokwenda hospitali kukatwa, niliandika habari ya busha langu. Nimfiche nani, si lilikuwa linatangulia kuingia chumbani? Ngonyani akaandika: "Daktari asilitupe, watoto wa huku hawana mpira. Na ukifa usitusumbue kwa jeneza, tutakufunga kwenye gunia la korosho, daraja la pili. Godoro lako ni langu, mwambie Twaha asilikojolee."

Nilisoma haya nikiwa nimelala nangoja kuingizwa kwenye kisu. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nikacheka mpaka nesi akaja kunishika kichwa. Nikaingia huku nacheka.

Na Salma naye akasoma, akiwa huku nyumbani peke yake.

Salma unamjua kwa picha tu. Ni mtoto wa wenye duka kule Kawe, babu zao walitoka Uarabuni na mizani yao. Watu wazuri, wapole, wanambusu mkono hata anayekuja kudai. Kwao baba mkwe anawekwa juu ya kabati pamoja na vikombe vya wageni. Na funguo za blogu anazo yeye. Alipoona mwanaume anajigawia godoro langu nikiwa hospitali, alilia. Alipomaliza kulia akafuta maneno yote ya Ngonyani, tangu yule babu wa kwenye mti mpaka gunia la korosho, akamfungia mlango asiweze kuandika tena. Halafu akabandika tangazo: "Ndugu wasomaji, ukurasa huu ni wa heshima. Matusi na kumtakia mtu kifo havina nafasi. Tumwombee mzee wetu."

Na watu wakapiga makofi. Watu gani, sijui, wametokea wapi, sijui. "Hongera admin kwa kusafisha." Kusafisha nini? Mie ni mtaro?

Nikarudi nyumbani nikaandika hadithi ya manesi wa hospitali, hadithi nzuri, nimeipalilia siku nzima. Nikangoja. Chini yake wakaandika: "Amina." Mwingine: "Somo zuri mzee wetu." Mwingine kaweka mikono miwili inayoomba. Abiba, ilikuwa kama nasoma salamu za rambirambi zangu mwenyewe. Mama wa Wazo akauliza, "Yule Mngoni yuko wapi? Watu huku wanakula kimya kama wamefungwa." Hakujibiwa. Naye akapotea. Dereva akapotea. Wamebaki wa Amina.

Nikamwita Salma. Twaha alikuwepo, anajifanya anatengeneza feni.

"Salma, mtani wangu yuko wapi?"

"Mtani gani baba? Yule aliyekutakia kifo?"

"Huyo huyo. Mrudishe."

"Baba, mtu anasema ufungwe kwenye gunia, nimkaribishe chai?"

"Na sukari umwekee. Huyo ni Mngoni, mie Myao. Akinitukana ananisalimia."

"Kwetu salamu ni salamu," akasema, macho yameanza kulowa. "Mie sikuolewa nije kumwona baba anatukanwa nikiangalia."

Twaha akasema kutoka nyuma ya feni, "Baba, si tunamfungulia tu? Ni kubonyeza."

Mwanao huyo amezaliwa na Myao, anajua kubonyeza tu. Wakabonyeza. Mlango ukawa wazi. Ngonyani hakuja. Nikaandika uongo mtupu kuhusu Wangoni, uongo ambao hata jiwe lingejibu. Kimya. Ikabidi nimpigie.

Akapokea. Nikamwanza, "We mlevi, bado hujafa?"

Akasema, "Shikamoo, Mzee Kalembo."

Shikamoo, Abiba. Mtu tuliyeoga naye mto mmoja. Sauti ile ya kuzungumza na mtu wa ofisini.

"Ngonyani, acha ujinga."

"Hapana mzee. Pole kwa maradhi. Sikujua kwamba maneno yangu yanakuudhi. Nisamehe. Nakutakia afya njema wewe na familia." Akakata.

Maisha yangu yote sijawahi kutukanwa vile.

Nina hasira na Salma kwa kufuta, nina hasira na wale wa makofi, na Ngonyani ndiye anayenitia hasira kuliko wote, mtu mzima hovyo, ananusa harufu ya sabuni ya mjini anadhani ni mie nimeoga. Lakini haki anayo. Mtani hana ruhusa ya kukasirika. Nyumba yangu imekasirika, tena hadharani, na nyumba ni yangu hata kama funguo anashika mkwe. Na wewe unajua tulivyokubaliana. Akitangulia yeye, mie navaa kofia yake nayumba mbele ya jeneza. Nikitangulia mie, yeye anaingia kaburini kabla yangu, analala, anagoma kutoka mpaka apewe chake. Sasa nani ataingia? Wale wa Amina?

Nilimweleza Salma habari ya siku ile tulipomzika mama. Ulivyokuwa umekaa chini huli husemi, mpaka Ngonyani alipojifunga kanga ya mama, akakushikia kiuno, akakugombeza kwa sauti ya mama kabisa kwamba umeunguza maharage. Ukacheka, kamasi zinakutoka, ndipo ukala. Salma alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye akauliza, polepole, "Kwa hiyo baba, mie nimekukosesha mtu wa kukuzika?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na hasira, sikumpunguzia.

"Basi nitakwenda mwenyewe," akasema.

Ndiye huyo aliye mbele yako sasa, amekupa barua kwa mikono miwili. Mpe maji. Usimwangalie sana, ana haya.

Kazi yako ni hii. Tafuta jogoo, usinitafutie kifaranga kinachokohoa, maana hasira kwa mtani hulipwa kwa jogoo na anayelipa ndiye aliyekasirika. Mpeleke Salma na jogoo wake kwa Ngonyani. Nimemfundisha tusi moja, amelikariri huku akikuna nazi: "Wewe Mngoni, nimekuletea kuku kwa kuwa panya mmewamaliza." Maneno anayo, lakini kila akianza anatanguliza "Samahani baba." Hiyo samahani mtoe wewe njiani. Wewe ulinitukana mie kabla hujaota meno.

Ngonyani akimpa kiti, akamwita mama, akapokea jogoo kwa heshima na kusema asante, rudini nyumbani taratibu, wala usinipigie. Nitaelewa.

Lakini akimnyang'anya mkoba, akakimbia nao mpaka kwenye migomba, akajitanda mtandio wake, usimwache Salma alie. Mwambie hapo ndipo ameolewa sasa. Na mkoba usiudai haraka, simu yake imo humo, na funguo za blogu zimo ndani ya simu. Aliyeiba mkoba kaiba na kibaraza. Aandike humo anachotaka. Mie nitakuwa hapa barazani na miwani yangu, naangalia.

Nisalimie shemeji, mwambie alalie ubavu. Mwambie mjomba wetu mkubwa kwamba yale majani aliyoniletea ya kuyeyusha busha, mbuzi wa jirani ameyala na mbuzi ni mzima. Msalimie na mke wa mwalimu wa madrasa, yule aliyekuwa akiniita kafiri mdogo, mwambie nimekuwa mkubwa. Wajukuu wako wote wapige kofi mojamoja la mapenzi.

Ngonyani usimsalimie.

Kaka yako, bado sijafungwa guniani,
Issa Kalembo