Kwa Mama Ciakuthii, Aliyeishi kwa Darubini na Mashairi

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze shambani kwetu Kiirua. Simu ikilia Jumapili jioni, sisi watoto bado tunashtuka. Hiyo ilikuwa saa yako ya kutusomea shairi jipya, hata kabla ya salamu.

Wengine walikujua kama Dkt. Ciakuthii Njura, mtafiti wa homa ya kala-azar. Miaka ya themanini ulikuwa ukiteremka Mbeere, ulikozaliwa, ukitega karatasi za mafuta kwenye vichuguu ili unase wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa huo. Ulirudi na vumbi jekundu kwenye nywele, ukakoroga uji huku ukihesabu mizani ya shairi kwa vidole. Pale sokoni Gakoromone, muuza ndizi alikuongezea moja kila ulipompa ubeti.

Hatusahau habari za Wambeti, mama mmoja wa huko Mbeere. Mwanawe mdogo, Kithaka, alikuwa amevimba tumbo, mikono imebaki mifupa, na mama mtu amekataa katakata asipelekwe hospitali. Alikuwa amesikia kwamba wenye homa ile hawarudi.

"Wakimtoa damu yote, mimi nitabaki na nani?" alikuuliza.

Hukumjibu kwa maneno ya vitabuni. Uliketi ukamsaidia kuambua kunde, kisha ukamwambia, "Dada, twende sote Embu. Nitalala sakafuni kando ya kitanda chake. Kila sindano atakayodungwa, nitakuwa nimemshika mkono."

Ukalala sakafuni kweli, hadi sindano zikaisha. Mtoto alipolia, ulimtungia beti za Kimbeere zenye jina lake, ikawa hakubali kudungwa kabla hajaimbiwa. Siku alipoomba uji, akamaliza, akaomba tena, Wambeti alitoka hadi uani akapiga ngemi, vigelegele vya kwao, hadi wauguzi wakaja mbio. Baada ya hapo akina mama wa kijiji chake walileta watoto wao bila kubembelezwa.

Kithaka alikuja kukuzika, Mama, akiwa na wanawe. Alisimama aseme neno. Akaimba zile beti zako, zote.

Umetuachia mashairi mengi, lakini hakuna kati yetu anayejua kuyasoma kama wewe. Tunakosa sauti yako. Tunakosa hata ile harufu ya spiriti ya maabara kwenye sweta yako. Baba, aliyezoea kukutania kwamba ushairi si kazi ya mkulima wa viazi kama yeye, siku hizi humwita mwanao Kanana baada ya chai.

"Nisomee moja."

Kanana akiharakisha, humkatiza.

"Pole pole. Mama yako alikuwa akipumua hapo."

Unakumbukwa na mumeo Bundi, wanao Kanana na Kirimi, mkaza mwanao Lenah, wajukuu wako, dada yako Wamuyu, na jamaa wote wa Kiirua na Mbeere.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama.