Bolti Hazisemi

Dada yangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na soksi ulizonifumia pia: moja kubwa, moja ndogo, ila miguu haijalalamika.

Huku kiwandani majuzi nimeaibika. Bomba la maji moto lilikuwa linapinda katikati kwa uzito, likahitaji mhimili wa chuma wa kulibeba. Kuuchomelea mhimili kwenye bomba ni marufuku. Nami kwa uvivu wangu, badala ya kuutengenezea mshikio wake, nikaona kwenye flanji, pale mabomba mawili yanapoungana, kuna bolti nane zimekazwa vizuri. Nikalegeza mbili, nikafungia mhimili hapohapo. Kazi ya robo saa! Nikajisifu kwa kila aliyepita.

Kesho yake kiungo kikaanza kuvuja. Msimamizi wetu, Mzee Spana, wala hakufoka. Alisema tu, "Kazi ya bolti hizi ni kushikanisha, fundi. Wewe umezibebesha na bomba zima, kwa sababu hazisemi."

Dada, maneno hayo yamenikaa rohoni siku tatu. Tangu Mama aanze kutusahau majina, wewe ndiye unayetushikanisha sisi watoto wake wote, na mzigo wa kumuuguza nao tumekutundikia wewe. Kila nikipiga simu unasema, "Tuko salama," nami nashusha pumzi. Jumapili ulisema hivyohivyo, lakini nilikusikia ukivuta kamasi.

Nimeomba likizo ya mwezi mzima. Jumamosi nafika. Usinipikie chochote. Nionyeshe tu dawa za Mama zinakaa wapi, kisha ukalale.

Mdogo wako,
fundi mvujishaji