Jogoo Aliyemshinda Mkubwa wa Mtaa

Mjukuu wangu Salim,

Salamu nyingi toka Likoni. Sote hatujambo, mamako amejenga jiko jipya, na moshi wote waingia chumbani kwangu. Waniuliza, baba, kama kweli jaji aweza kumkatalia rais.

Nilipokuwa msichana, miaka ya arubaini, mkubwa wa mtaa wetu alipiga marufuku majogoo kuwika kabla yeye hajaamka. Jogoo wetu akawika, naye akaja akamchukua. Mama akaenda kumshtaki mkubwa kwa hakimu.

“Ni sheria gani hiyo?” hakimu akamuuliza.

“Ni amri yangu. Mimi ndiye mkubwa wa mtaa!”

“Mkubwa wa mtaa, naam. Mkubwa wa sheria, hapana.” Hakimu akashusha pumzi. “Wallahi, mimi na jogoo huyu twakaa ukuta kwa ukuta, na mwezi mzima sijalala. Sheria ya kumkataza kuwika nimeitafuta sana, sikuiona. Mrudishie mwenyewe.”

Mama alirudi naye kwapani, akapita makusudi mlangoni pa mkubwa.

Ijumaa akamchinja jogoo, maana hata sisi alikuwa ametuchosha, akampelekea hakimu paja la shukrani. Hakimu alilikataa. Lakini alilinusa kwanza.

Ndimi bibi yako,
Mwanaisha