Neno Nililompa Mama Mkwe

Nyumba ya kona, nyuma ya maghala ya mbao
Jumapili, tarehe 9 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za ofisini. Kama halijaacha, usinifiche. Nakujua, wewe ukiulizwa hali utasema salama hata ukiwa umelazwa. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake kama kawaida, binti yuko shule ya bweni, na mama mkwe presha yake imetulia. Nyumbani tumebaki wanawake wawili, na habari yenyewe ni ya wanawake hao wawili, kwa hiyo jimiminie chai ukae.

Nilikwambia kwenye simu kuhusu ile kozi ya kuwahudumia watoto njiti, inayofundishwa katika hospitali kubwa ya mji wenu. Miaka yote niliyokaa wodi ya wazazi nimeitamani. Kikwazo kilikuwa Kiingereza. Kabla ya kukupokea wanakutahini, tena si Kiingereza cha dawa na sindano ninachokijua, ni kile cha vitabuni chenye maneno marefu kama treni ya mizigo. Mwakani umri wangu utakuwa umepita kiwango wanachotaka, kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au nisahau kabisa. Na kozi kando, Dada, nilitaka kuja kukaa karibu na wewe. Nimechoka kukusikia kwenye simu tu.

Nikaanza kujisomea peke yangu. Nameza maneno jioni, asubuhi naamka kichwa cheupe. Mama mkwe ananitazama tu huku akichambua mchele. Siku moja nikakwama kwenye neno fulani, naye bila hata kuinua macho akalitaja herufi zote, moja baada ya nyingine, vidole vikigonga ukingo wa sinia.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama huyu, kabla ya kustaafu, alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mawakili. Vidole vyake vinajua maneno ambayo mimi hata kuyatamka yananishinda. Nikamuuliza, haya Mama, na maana yake? Akasema hajui, maana ilikuwa ya wakili, herufi ndizo zilikuwa zake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kuanzia hapo tukawa darasa moja: mimi naleta maana kutoka kwenye kamusi, yeye analeta herufi.

Kukumbuka ndiko kulikotutoa jasho. Dawa aliivumbua yeye. Alisema enzi zake ofisini hakupoteza faili hata moja, kwa sababu hakushika namba za mafaili, alishika nyuso za wateja. Basi kila neno tukalitafutia mtu. “Taciturn,” yaani mtu asiyependa maneno mengi, tukampa mwanawe, mume wangu, ambaye akipiga simu kutoka safarini husema “Mko salama? Haya,” akakata. “Procrastinator,” yaani mtu wa kuahirisha mambo kila siku, tukampa fundi viatu wa mtaani, ambaye viatu vyangu vya kazini vimelala kwake tangu mvua zilizopita na jibu lake ni kesho. Sharti letu lilikuwa kwamba ukimpita mtu, unalitaja neno lake kimoyomoyo. Sasa Mama kimoyomoyo hakijui. Alikuwa anampita fundi viatu na kulitamka kwa sauti, huku ameinamisha kichwa kwa heshima. Masikini ya Mungu, yule bwana alidhani anasalimiwa, na siku hizi anamrudishia.

Neno moja nililigawa mwenyewe bila kumwambia. “Obstinate,” mtu mkaidi, akishasema amesema. Hilo nilimpa yeye, na ungekuwa mimi ungefanya vivyo hivyo. Mwanawe alimnunulia jiko la gesi. Akashukuru sana, akalitandikia kitambaa cha kufuma likiwa bado ndani ya boksi lake, akaweka chombo cha maua juu, na mpaka leo ndiyo meza tunayosomea. Yeye anapikia jiko lake la mafuta ya taa, linatoa moshi na kumliza machozi, na ukimwambia kitu anakwambia macho ni yake.

Mtihani wa kuandika ulikwenda vizuri. Wa kuzungumza ndio ulinitia kiwewe. Ulifanyika kwenye chuo cha hapa kwetu, na Mama aliamua kunisindikiza, nikamwomba abaki nyumbani apumzike, akavaa viatu. Chumba kilikuwa na joto, madirisha yako wazi, na benchi ya kusubiria iko nje chini ya dirisha. Ndipo alipokaa. Ndani walikuwa watahini wawili, mama mmoja mwenye miwani na baba mmoja aliyekuwa anachezea kalamu.

Wakanihoji, nikajibu, mambo yakawa mazuri. Mara yule mama mwenye miwani akanitaka nieleze maana ya “obstinate.” Dada, maana ya kwenye kamusi iliyeyuka yote. Nilichokiona mbele yangu ni mama mkwe na moshi wake. Mdomo ukanitangulia, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba huyo ni mama mkwe wangu, kisha nikawapa kisa chote cha jiko, na boksi, na maua, na macho. Baba wa kalamu alicheka mpaka akavua saa yake akaiweka mezani, sijui kwa nini. Nikanogewa nikaongeza chumvi kidogo. Ndipo nikasikia kikohozi nje ya dirisha, na kikohozi kile nakijua.

Nikajipa moyo kwamba herufi anazijua ila maana hana. Nani kasema. Miezi yote ile nilikuwa namfundisha maana mwenyewe.

Nyumbani akanikaribisha chakula kama mgeni. Nilimwomba radhi, akajibu kwamba hana neno na mimi, akaenda kuanua nguo. Siku zikapita, jioni mimi na kamusi yangu, yeye na redio yake. Nilisikia upweke, Dada, nakwambia kweli. Sikujua kama nimemzoea kiasi hicho.

Juzi majibu yakatoka. Nimefaulu. Wenzangu wodini walinibeba juujuu, lakini mimi nilirudi nyumbani moyo mzito. Mume yuko njiani, mtoto yuko bwenini, na mimi niondoke, mama wa watu mwenye presha nimwachie nani? Nikapiga moyo konde, nikamwambia majibu, na papo hapo nikamwambia kwamba siendi. Nilisema watu wamefanya kazi wodi ya wazazi mpaka wakastaafu na hawakufa.

Akazima redio. Akaniuliza kama ninajua kwa nini alinuna. Nikasema ni kwa sababu nilimwita mkaidi mbele ya watu. Akasema hapana, neno ni lake na amelipenda. Alinuna kwa sababu nilipata nafasi ya kuwaambia watu wasomi habari za ukaidi wake, nikaenda kuwaambia habari za jiko. Alipofiwa na mumewe, ndugu walitaka kumgawa mtoto huku na yeye kumwoza kule. Alikataa. Walimwita kila jina, akakataa, akapiga chapa barua za watu mpaka vidole vikavimba, na mtoto akasoma. Miaka yote ninayoishi naye hakuwahi kuniambia hayo. Nililia mimi, yeye hakulia.

Kisha akasema, “Siku nyingine wakikuuliza, waambie hayo. Na sasa nasema utakwenda. Umeshawaeleza watu wazima mimi nikisema inakuwaje.”

Basi nakuja, Dada, mwezi ujao. Nimejaribu kubishana naye mara mbili zaidi, na jana nikakuta ameshanifungia mizigo.

Nisalimie shemeji sana, na mjomba ukimwona, na wale wapwa zangu uwaambie mama mdogo anakuja na atawabana na kamusi. Mama mkwe anakusalimu. Anasema nikonde au ninenepe, wewe ndiye utakayeulizwa. Mungu akulinde na goti lako mpaka nikufikie.

Wako akupendaye tangu ukinibeba mgongoni,
Chiriku