Boksibodi Lilivyopanda Kutoka Mitunguu

Kanyakine,
Agosti 1955

Kwako kaka yangu Mutugi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima, kifua kimepoa, na lile blanketi tulilotuma limefika mikononi mwako, si mwa mwingine. Sisi huku tuko salama. Mama bado anasumbuliwa na mguu asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Naandika Kiswahili kwa sababu barua za kambi ya kizuizini husomwa kwanza na wakubwa, na sitaki hii ikae ikitafutiwa mkalimani. Wakubwa nao nawasalimu. Humu mna habari za injini tu.

Kaka, gari lako bado ni lako. Nimetanguliza hilo usije ukasoma roho ikiwa juu. Tangu wakuchukue, hilo boksibodi lako la kubebea mizigo lilikaa nyuma ya nyumba bila pasi ya kutembea, kuku wakataga kwenye kiti, na Baba Mdogo Kirimi akapatana na Njoka, yule tajiri wa magari wa Embu, amuuzie. Nilimsihi angoje. Hospitali ya misheni ilikuwa ikitafuta gari la kumpeleka nesi kwenye vijiji vipya, kutoka huku juu hadi kule chini Mitunguu kwenye joto na kurudi kabla ya kafyu, na gari litakalochukuliwa lingepewa pasi. Njoka naye akaleta lake. Bibi Mkuu wa hospitali akasema yatajaribiwa yote mawili siku moja, yakiwa na mzigo. Baba Mdogo aliniambia tukishindwa, Njoka anaondoka na letu jioni hiyo hiyo.

Barua yako ilinifikia wakati huo, ukiagiza silinda hedi ikwanguliwe ili injini ibane zaidi na ipate nguvu ya mlima. Sikufanya hivyo. Nimekupa spana miaka mingi nikisikiliza majivuno yako, najua unavyopenda injini inayonguruma. Lakini petroli ya siku hizi si ile uliyoiacha. Wauzaji wanaichanganya na mafuta ya taa, na injini iliyobanwa zaidi haiivumilii. Nilikwenda Meru mjini kwa rafiki yako Isaack, fundi wa malori, nikamweleza. Alibishana nami mpaka chai ikapoa, kisha akasema haya, tufanye ninavyotaka.

Tulianza na breki, maana gari linaloshuka Mitunguu na mzigo lazima lijue kusimama. Tukabadilisha lainingi zote nne. Rejeta tukaizibua mpaka maji yakapita vizuri. Vali nilizisaga mwenyewe kwa mkono, viganja vikatoka malengelenge, na nguvu iliyokuwa ikivuja humo ikarudi. Kabureta tukaifungua kidogo ili injini isikose petroli kwenye joto la huko chini. Sasa linakunywa zaidi, sikatai. Isaack akarudisha nyuma kidogo tu taimingi ya cheche za plagi, mpaka injini ikaacha kugonga.

Siku ya majaribio, watu wa Njoka walituonea huruma waziwazi. Lao lilikuwa limekwanguliwa hedi, na kabureta walikuwa wameibana kule kwao Manyatta kwenye baridi, wapate mbio na waokoe petroli. Karani wa hospitali alipanda lao, nesi Wawira akapanda letu. Waliondoka kwa kishindo, wakatuacha kwenye vumbi, na Baba Mdogo akaanza kuwaambia watu kwamba kazi imekwisha. Tulipokaribia Mitunguu tulipishana nao wakirudi, wanatupungia mkono.

Tuliwakuta tena kwenye mwinuko, wameketi kando ya barabara, boneti iko wazi na moshi unatoka. Dereva wao alisema injini ilianza kugonga kule chini kwenye joto, naye akaongeza moto ipande upesi. Pistoni ilikuwa imetoboka. Kafyu ilikuwa inakaribia, na siku hizi humwachi mtu barabarani saa hizo. Tukawabeba, dereva na karani na masanduku yao ya dawa, juu ya mzigo wetu. Niliogopa sana, Kaka. Lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole kama ng'ombe aliyeshiba, na maji hayakuchemka. Tulifika mwanga ukiwa bado upo. Bibi Mkuu alizunguka gari, akagusa boneti, akasema hili ndilo. Nilienda nyuma ya hospitali nikalia kwa furaha. Najivuna mpaka leo na sitaomba msamaha kwa hilo.

Sasa najua unauliza ni nani aliyeendesha. Madereva tuliowajua wote wako huko uliko, au hawana pasi. Ni mimi, Kaka. Leseni nilipewa Meru mjini baada ya mpimaji kuniamuru nirudishe gari nyuma kwenye mteremko mpaka akachoka yeye. Hospitali imeniandika kazi, na pasi ina jina langu. Mama aliapa hatapanda gari linaloendeshwa na binti yake. Jumapili alipanda, akakaa mbele, akawapungia mkono hata watu asiowapenda.

Wanakusalimu Mama, Isaack na nesi Wawira, na Baba Mdogo pia, ambaye sasa anasema alijua tangu mwanzo. Kula unachopewa, ulale, utunze kifua. Siku ukifunguliwa usitafute basi, nitakuja kukuchukua mwenyewe hapo langoni. Wewe utakaa kiti cha kushoto.

Ni mimi dada yako,
Kathambi, dereva.