Wezi wa Pete ya Jini

Dodoma, Jumanne 14 Juni 1994. Mwezi wa tano tangu nitoke Kolo.

Nimemaliza kitabu cha Hamisi, kibarua mwenzangu. Wezi wawili walioachana wanaiba pete ya jini, ukurasa wa mwisho wanarudiana. Hakuna aliyeomba msamaha! Kimeniudhi.

Hamisi kacheka: "Na wewe mrejee Zaina kwa barua basi, eda haijaisha."

Talaka yenyewe niliituma kwa barua, kwa hasira. Nimeandika barua za kumrejea mara tatu, nimezichana. Nataka anione uso nikimwomba radhi.

Eda inaisha Ijumaa; ikipita, simrejei tena ila kwa ndoa mpya, akikubali. Nimemwomba msimamizi ruhusa.

"Zege kwanza, bwana."

Zege ni Jumamosi. Nitafika Kolo Jumapili.